Filamu ya Kwanza: Benchi Kabla ya Bando

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, makundi ya WhatsApp ya watu wa filamu, Dar es Salaam kama Nairobi, hujaa viungo. Ni filamu za wanafunzi: dakika saba, dakika kumi na mbili, mara chache ishirini. Zimepandishwa YouTube usiku wa manane, na chini yake kuna ombi lilelile la kutazama, kugonga laiki na kusambaza. Mjadala unaofuata nao ni uleule. Kuna wanaopongeza: vijana hawasubiri tena mtu awafungulie mlango, wanatengeneza na kuonyesha wenyewe. Kuna wanaokunja uso: watoto hawa wana haraka, kazi ni mbichi, wanazichoma filamu ambazo zingeweza kwenda matamasha, na wanazidi kulichafua jina la tasnia ambalo tayari lina madoa. Baada ya siku tatu kundi linahamia kwenye mada nyingine, na zile filamu zinabaki na watazamaji mia mbili na ushee, nusu yao wakiwa ni ndugu na wanadarasa.

Naona pande zote mbili zinagombania swali lililokuja kabla ya wakati wake. Mtandao au tamasha ni swali la usambazaji, na filamu ya kwanza ya mwanafunzi haijafika kwenye usambazaji. Kazi yake ni kumfundisha aliyeitengeneza jambo moja ambalo mwalimu hawezi kuliandika ubaoni: mtu asiyekujua, asiyejua ulitaka kusema nini, anaona nini anapoitazama? Jibu la swali hilo hupatikana kwa kukaa chumba kimoja na mtu huyo, giza limeingia na picha inakwenda. Vyuo vyetu vinafundisha kuandika mswada, kushika kamera, kupanga taa na kuhariri, kisha vinaishia hapo. Onyesho limeachwa nje ya mtaala kama jambo la sherehe. Mwanafunzi anayekimbilia YouTube hafanyi hivyo kwa sababu ya haraka ya ujana. Anatafuta watazamaji ambao chuo hakikumpa.

Tumefikaje hapa? Serikali ya Tanzania ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, mwaka 1968, wakati filamu ilikuwa ni ukanda wa kweli unaonunuliwa kwa fedha za kigeni na kusafishwa maabara. Kijana wa wakati huo hakuwa na filamu ya kwanza ya kuchezea. Ukipewa nafasi, umepewa mali ya umma. Ikaja video, na baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ikaja ile biashara tuliyoiita Bongo Movie: filamu inarekodiwa kwa siku chache, msambazaji wa Kariakoo anainunua kwa malipo ya mkupuo, inakatwa vipande viwili ili iuzwe mara mbili, sehemu ya kwanza na ya pili. Wengi wa waliofanya kazi hiyo hawakupita chuo cha filamu. Lakini walikuwa na kitu ambacho wahitimu wa leo hawana. Kanda na diski zao zilirudi mtaani haraka, zikawekwa kwenye mabanda ya video, na mwongozaji akipita Magomeni au Manzese aliweza kusikia kwa masikio yake mahali ambapo watu walicheka na mahali walipozomea. Wengi wao hawakuutumia mrejesho huo kuboresha kazi, hilo najua. Ila ulikuwepo.

Wakati huohuo elimu rasmi ikapanuka. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, KIMC, ipo Nairobi tangu 1961 na imetoa wapigapicha na wahariri wa vizazi kadhaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu, na Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Mwaka 2004 mwongozaji filamu Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala ili vijana wa Afrika Mashariki wapate mafunzo ya muda mfupi chini ya watu wazoefu. Mwaka 2018 MultiChoice, kampuni ya televisheni ya kulipia, nao wakafungua chuo chao cha Talent Factory Nairobi, kinachopokea wanafunzi kutoka nchi kadhaa za ukanda huu. Juu ya yote hayo simu zikawa kamera. Gharama ya kutengeneza ikashuka, gharama ya kuweka hadharani ikakaribia sifuri, na hatua iliyokuwa katikati ikapotea bila mtu kuisemea. Kumbi kama Empire na Avalon za Dar es Salaam, au Majestic na Cine Afrique za Unguja, hazipo tena katika maisha ya mtaa. Kumbi chache mpya zilizomo ndani ya maduka makubwa hupangwa kwa filamu za Marekani na India, na hakuna meneja atakayempa mwanafunzi hata nusu saa.

Tazama jinsi filamu ya kuhitimu inavyosahihishwa. Walimu watatu, pengine wanne, wanakaa ofisini au kwenye chumba cha kuhariria. Kompyuta mpakato iko mezani, spika mbili ndogo pembeni. Mwanafunzi amesimama karibu na mlango. Walimu hao ni watu makini na wanajua kazi yao, lakini wana kasoro moja ambayo haitibiki kwa umakini: wameshausoma mswada. Waliujadili mara tatu, wakaurudisha, wakaupitisha. Wanajua kwamba mwanamke wa tukio la pili ni dada wa yule wa tukio la tano. Wanajua kwanini kijana anakataa kula. Hawawezi kupotea, na asiyeweza kupotea hawezi kukuonyesha mahali ambapo njia imekatika. Wanapima uchezaji, mwanga, mpangilio wa picha, na alama wanazotoa ni za haki. Ila wanachopima si kile ambacho filamu itakutana nacho ikitoka nje ya mlango ule.

Niliwahi kukaa kwenye onyesho la filamu za wanafunzi lililofanywa kwenye ukumbi wa shule ya msingi: viti vya plastiki, shuka jeupe limefungwa kwenye mabomba ya goli dogo, watoto wamekaa chini mbele. Moja ya filamu hizo ilikuwa na tukio ambalo kijana anapokea barua, anaifungua, anaisoma kimya, kamera imemkazia uso, kisha anakaa kitandani na kuinamisha kichwa. Ilipigwa vizuri. Mwanga wa dirishani ulimwangukia shavu moja. Kimya kilipofika sekunde kama ya kumi, mama mmoja wa katikati akauliza kwa sauti, bila ubaya wowote, "Kaandikiwa nini?" Kijana mwingine akamjibu, "Hajui kusoma huyo." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na tukio la huzuni kuliko yote katika filamu ile likafa palepale. Mwongozaji alikuwa amesimama nyuma, karibu na projekta. Walimu wake walikuwa wameisifu picha ile kwa sababu wao walijua barua inasema nini, ilikuwa kwenye mswada. Wiki chache baadaye aliihariri upya. Hakuongeza sauti ya kusoma barua, jambo ambalo lingekuwa la ovyo. Aliweka picha moja ya sekunde mbili, kona ya juu ya karatasi yenye muhuri wa hospitali. Basi. Mama yule aliyeuliza swali alimfundisha katika maneno mawili somo la kutoa taarifa kwa picha ambalo vitabu hutumia sura nzima.

Sasa tuwasikilize watetezi wa mtandao, maana hoja zao si nyepesi. Wanasema, na ni kweli, kwamba kwa mara ya kwanza katika historia yetu mtoto wa Sumbawanga anaweza kutengeneza kitu asubuhi na mjomba wake aliyeko Muscat akakiona jioni. Wanasema filamu iliyoko mtandaoni ni barua ya maombi ya kazi. Kampuni ya matangazo, shirika lisilo la kiserikali au mtu wa harusi hataomba cheti, ataomba kiungo. Wanasema pia kuwa walinda milango wa zamani walikuwa wachache, wanaojuana, na wengi wao wanaume, hivyo ukuta ukibomoka tusiulilie. Na wenye ujuzi zaidi huongeza hoja ambayo ndiyo nzito kuliko zote kwa mada yangu: YouTube humpa mwenye chaneli mchoro unaoonyesha ni dakika gani watazamaji walikimbia. Huo si mrejesho? Kwa nini uhangaike na viti vya plastiki wakati mashine inakuhesabia?

Mchoro ule ni mzuri na mwanafunzi ajifunze kuusoma. Ila unasema wapi, hausemi kwa nini. Ukiona mstari umeporomoka dakika ya tatu, inawezekana tukio ni bovu. Inawezekana pia bando limekwisha, daladala imefika kituoni, bosi ameingia, au simu ya mtu ni ile inayopata moto. Katika nchi ambayo watu wengi hununua intaneti kwa vifurushi vya siku au wiki, kuondoka kwa mtazamaji ni habari za mfuko wake kama zilivyo habari za filamu yako. Yule mama wa "kaandikiwa nini" mtandaoni angeonekana kama mtu aliyetazama hadi mwisho. Mashine ingemhesabu kuwa ameridhika. Na mtazamaji wa simu akichanganyikiwa hurudisha nyuma, au anaacha na kusahau. Hana jirani wa kumuuliza, kwa hiyo swali lake halisikiki popote.

Kuhusu fedha, tufanye hesabu kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaahidiwa kuwa chaneli italipa. Sharti la kawaida la kugawana mapato ya matangazo YouTube, kwa video ndefu, ni wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Filamu yako ikiwa ya dakika 10, unahitaji watu 24,000 waitazame mwanzo hadi mwisho, na wengi hawafiki mwisho. Chaneli za vichekesho hufika huko kwa sababu zinatoa kipande kipya kila baada ya siku mbili. Mwanafunzi mwenye filamu moja kwa mwaka hayumo kwenye mchezo huo, na akijilazimisha kuingia atageuka mtu wa vichekesho vya dakika mbili, kazi ya heshima kabisa, lakini siyo aliyojiandikisha kusomea. Kuna na mtego wa muziki. Wanafunzi wengi huweka wimbo wa msanii mkubwa chini ya tukio la mwisho bila ruhusa, na mfumo wa YouTube unaoutambua wimbo huo unaweza kuizuia filamu au kuyapeleka mapato yake kwa mwenye wimbo. Hilo nalo linaweza kujulikana siku yenyewe ya kupandisha, wakati faili za mradi zimeshafutwa kwenye kompyuta ya chuo ili kumpisha mwanafunzi mwingine.

Upande wa matamasha nao una ukweli wake. Tamasha la Cannes, Ufaransa, lina sehemu maalumu ya filamu za wanafunzi tangu 1998. Zanzibar ina tamasha lake la filamu, ZIFF, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa mtengenezaji wa hapa, kuona jina lake likipanda kwenye skrini ya Ngome Kongwe ni jambo ambalo hakuna idadi ya watazamaji wa mtandaoni inayolifikia. Filamu fupi imewabeba watu. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi, ya dakika kama ishirini, mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani. Amil Shivji alitengeneza Shoeshine mwaka 2013 na Samaki Mchangani mwaka 2014, zote fupi, kabla ya T-Junction ya 2017 na kabla Vuta N'kuvute haijaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Lupita Nyong'o, kabla dunia haijamjua kama mwigizaji, alitengeneza In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya, ikiwa ni kazi yake ya kuhitimu chuo Marekani. Na ni kweli kwamba baadhi ya matamasha makubwa hayapokei filamu iliyokwisha kuwekwa mtandaoni. Mwanafunzi aliyebonyeza kitufe cha kupandisha saa saba usiku huenda amefunga milango ambayo hakujua ipo.

Lakini ushauri wa "ifiche, ipeleke matamasha" una shimo lake. Kuwasilisha filamu kupitia majukwaa kama FilmFreeway mara nyingi kuna ada kwa dola, na mwanafunzi akiomba matamasha kumi tayari ametumia fedha ambayo ingemlisha mwezi. Kisha anasubiri, miezi minne, miezi sita. Kinachokuja kwa wengi ni barua pepe yenye maneno ya upole yanayofanana kwa kila aliyekataliwa. Hajui kama filamu iliangushwa na sauti, na hadithi, na urefu, au na mtu aliyechoka kutazama filamu ya arobaini siku hiyo. Ameificha filamu kwa mwaka mzima, hakuna mtu asiyemjua aliyeitazama mbele yake, na hajajifunza kitu. Tamasha ni chumba kizuri, pengine kizuri kuliko vyote, ila ni chumba cha kuingia ukiwa umeshajua filamu yako inafanya nini.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa kuliko zote, ni ile ya jina la tasnia: eti kazi mbichi za wanafunzi zinatuaibisha. Kwanza, kumbukumbu yetu ni fupi. Jina la Bongo Movie halikuchafuliwa na wanafunzi. Lilichafuliwa na soko la watu wazima, wenye majina na wafadhili, lililotaka filamu mpya kila mwezi na lililolipa bei moja kwa kazi nzuri na mbovu. Pili, hakuna mtazamaji anayehukumu tasnia nzima kwa filamu ya dakika nane iliyotazamwa na watu mia mbili. Filamu mbaya ya mwanafunzi huzama yenyewe bila kusukumwa. Tatu, na hapa ndipo hoja inapogeuka kuwa ya hatari, mwanafunzi akiambiwa kila wakati kuwa atatuaibisha hujifunza kujificha. Anaanza kutengeneza filamu isiyoweza kukosolewa: picha za juu zilizopigwa kwa droni, mwendo wa polepole, piano, mtu ametazama bahari, hakuna anayesema neno. Nimeona filamu za aina hiyo za kutosha. Zinapendeza, na ukimaliza huwezi kumsimulia mtu ilihusu nini. Ni filamu za mtu anayeogopa kuulizwa "kaandikiwa nini".

Swali la haki ninaloulizwa ni hili: watazamaji hao watakaa wapi, na nani atawaleta? Jibu liko mtaani, na lina jina: kibanda umiza. Kila mtaa wa Dar es Salaam una kimoja au viwili, chenye mabenchi, runinga kubwa au projekta, spika zenye nguvu kuliko inavyohitajika, na mwenye nyumba anayejua kukusanya shilingi 500 mlangoni. Huko ndiko kizazi kizima kilikojifunza kutazama filamu, kikisaidiwa na sauti ya Lufufu akifasiri picha za China na Marekani kwa Kiswahili chake, kama ambavyo Kenya walikuwa na DJ Afro. Wasomi wa filamu hupenda kuwacheka wafasiri hao. Mimi naona walikuwa wahariri hodari, kwa sababu walijua hasa ni sekunde gani ukumbi unaanza kuchoka, na pale ndipo walipotia neno. Filamu ya Kenya ya Supa Modo, ya mwaka 2018, iliyotoka kwenye mradi wa kuwafundisha watengenezaji vijana, imemweka mtu wa aina hiyo ndani ya hadithi yenyewe, na haikumweka kama kichekesho.

Kukaa na watazamaji ili ujue wanaona nini si wazo jipya katika ardhi hii, na asili yake haipendezi. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, milima ya Usambara. Walitengeneza filamu fupi zaidi ya 30, wakazipakia kwenye lori pamoja na mitambo, wakazunguka nazo vijijini katika makoloni ya ukanda huu na kuandika jinsi watu walivyozipokea. Nia ilikuwa ya kikoloni na maelezo yao yamejaa dharau kwa watazamaji. Hata hivyo walielewa kuwa huwezi kujua filamu imefika bila kusimama pembeni ya skrini. Baada ya karibu miaka 90, sisi tunaotengeneza filamu kwa lugha yetu, kwa ajili ya watu wetu, hatuna lori, na mbaya zaidi hatuoni haja yake. ZIFF, kwa sifa yake, ilizipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba. Vyuo vingeweza kuazima wazo hilo bila kulipa chochote.

Kibanda kina mipaka, nisije nikakipamba. Watazamaji wake wengi ni vijana wa kiume, na wanapenda ngumi. Msichana aliyetengeneza filamu kuhusu mama na binti yake akiipeleka pale peke yake atapata mrejesho wa watu ambao hawakuwahi kuwa walengwa wake, na baadhi ya maneno yatakuwa ya kuumiza bila faida. Huyo anahitaji chumba kingine: kikao cha VICOBA kabla ya hesabu kuanza, ukumbi wa parokia, madrasa jioni, bweni la wasichana. Kujua filamu yako ni ya chumba gani ni sehemu ya somo lenyewe. Mwanafunzi asiyeweza kutaja kundi moja la watu halisi ambalo angependa liketi mbele ya filamu yake bado hajamaliza kuandika mswada.

Kuna jambo jingine ambalo chumba hufichua na simu huficha, nalo ni sauti. Mwanafunzi anahariri akiwa na hedifoni masikioni, anasikia kila pumzi. Mtazamaji wa YouTube naye ana visikizio. Wote wawili hawagundui kwamba mazungumzo yamerekodiwa kwa kiwango kinachopanda na kushuka, kwamba upepo wa Kigamboni umeingia kwenye maiki, kwamba jokofu la nyumba waliyoazima liliachwa likinguruma, na kila picha inapokatwa ngurumo nayo inakatika. Ipeleke filamu hiyo kwenye banda la bati lenye watu sitini na feni mbili, dakika ya kwanza tu utaona shingo zikielekezwa mbele na mikono ikiwekwa nyuma ya masikio. Watu watavumilia picha yenye giza. Hawavumilii mazungumzo wasiyoyasikia, na hawatakuambia "sauti ina shida". Wataanza kuzungumza wao kwa wao. Vyuo vyetu vinanunua kamera mpya kila bajeti ikiruhusu, na maiki ni zilezile zilizofungwa kwa gundi ya karatasi. Nadhani maonyesho mawili ya hadhara yangebadilisha orodha ya manunuzi kuliko ripoti yoyote ya mkaguzi wa mitaala.

Inabaki sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya Tanzania, ya mwaka 1976, inataka kibali kabla ya kutengeneza na ukaguzi kabla ya kuonyesha hadharani. Mwaka 2018 zikaongezeka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizodai leseni na ada ambayo kwa mwanafunzi ilikuwa ni ndoto, ingawa baadaye kanuni hizo zimeguswa tena na tena. Kenya nao wana bodi yao, ambayo mwaka 2018 iliipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, hadi mahakama ilipoifungulia kwa siku saba tu. Atakayedhani kuwa mtandao ndio unaotisha wakubwa kuliko ukumbi akumbuke Aprili 2025 pale Nakuru, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na filamu la shule za Kenya, wakati polisi walipotumia mabomu ya machozi kwa sababu ya mchezo wa wasichana wa shule ya Butere. Ulikuwa mchezo wa jukwaani, wa wanafunzi, wa kuonyeshwa mbele ya watu waliokaa pamoja. Wenye mamlaka wanajua tofauti kati ya watu elfu moja waliotawanyika kila mmoja na simu yake na watu mia tatu wanaocheka kwa wakati mmoja. Inashangaza kuwa vyuo havijaijua.

Nikipewa mtaala niubadilishe, nisingegusa mengi. Ningeigawa alama ya filamu ya kuhitimu iwe na sehemu ya onyesho: mwanafunzi aipeleke filamu yake, ikiwa bado haijafungwa, mbele ya watu wasiopungua thelathini ambao si wanachuo, akae nyuma, asiseme neno, aandike. Kisha aihariri upya na awasilishe matoleo yote mawili pamoja na maelezo ya kilichobadilika. Baada ya hapo ndipo mjadala wa mtandao na tamasha uanze, na utakuwa mfupi: filamu iwekwe kwenye kiungo chenye nywila kwa mwaka mmoja, ipelekwe kwenye matamasha machache yasiyo na ada au yenye ada ya mwanafunzi, na mwaka ukiisha iwekwe hadharani kwa kila mtu, ikiwa na muziki uliolipiwa au uliotungwa na rafiki. Bodi za filamu nazo zingetoa kibali kimoja cha chuo kwa mwaka kwa maonyesho ya mafunzo, badala ya kila mtoto kupanga foleni na dakika zake saba.

Mkuu wa idara mmoja niliyemweleza mpango huu aliniambia tatizo ni fedha. Sidhani. Kukodi kibanda kwa jioni moja isiyo na mpira ni nafuu kuliko kukodi lenzi moja nzuri kwa siku, na wenye vibanda wengine wataachia bure wakiahidiwa watu. Tatizo halisi ni ratiba: Jumamosi na Jumapili mabanda ni ya Ligi Kuu ya England na ya Simba na Yanga, Jumanne na Jumatano ni ya Ulaya. Jumatatu mengi hukaa matupu, na katika vyuo vingi ninavyovifahamu, Jumatatu jioni hakuna kipindi.